Nyota nilizozifuta: jibu kwa kijana wa Mbeya

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbeya aliniandikia: "Shikamoo dada. Nimemaliza shahada ya fizikia, nataka kusoma nyota changa lakini sina darubini. Nianzie wapi?" Nilikaa nimjibu mistari mitatu, nikashtukia saa saba usiku bado naandika. Basi jibu naliweka hapa, maana najua mko wengi mnaolala na swali hilohilo.

Marahaba, mdogo wangu. Darubini unayo, tena si moja. Mimi nilifanya shahada ya uzamili katika chumba cha kupanga Dar es Salaam, kwa laptopu ya kuazima na bando la usiku. Data zote zilikuwa zimepigwa na wengine na kuachwa wazi kwa yeyote. Mradi wa 2MASS ulikuwa na darubini mbili, moja Arizona na nyingine Chile, na kati ya 1997 na 2001 ukapiga picha anga lote kwa infraredi, mwanga wa mawimbi marefu kuliko mwekundu ambao macho hayauoni. Spitzer, darubini ya infraredi, ilirushwa angani mwaka 2003 na kuzimwa Januari 2020. Chandra, ya eksirei, iko juu tangu 1999, na kwa kawaida kipimo chake hubaki cha aliyekiomba kwa muda fulani, kisha ni chetu sote.

Nilichagua nebula ya Mwali, wingu la gesi na vumbi linalozaa nyota; namba yake katika orodha za anga ni NGC 2024. Mwanzoni mwa Desemba, baada ya isha, tazama mashariki uone nyota tatu za mkanda wa Jabari (Orion) zikipanda moja juu ya nyingine. Ya chini kabisa ni Alnitak, na Mwali uko ubavuni mwake, umbali wa takribani miaka nuru 1,400. Katika picha za mwanga wa kawaida, katikati pana mstari mweusi wa vumbi. Nyota zenyewe zimejificha nyuma ya mstari huo.

Infraredi hupenya vumbi, ndiyo maana nilianzia huko. Nyota ikizaliwa huzungukwa na sahani ya gesi na vumbi, ambamo baadaye sayari zinaweza kutokea. Vumbi la sahani likipashwa joto na nyota hung'aa kwa infraredi, hivyo nyota yenye sahani huonekana nyekundu kupita kawaida katika mawimbi ya Spitzer, kuanzia mikromita 3.6 hadi 8 na kuendelea. Nikachukua nyekundu zote, nikaziita changa. Zilizobaki nikazifuta kwenye jedwali, nikiamini ni wapita njia walioko mbele au nyuma ya wingu. Nilijiona nimemaliza kazi.

Kisha nikaalikwa kuwasilisha kwa njia ya video mbele ya kundi la watafiti wa nje. Nilivaa gauni la Idi. Mzee mmoja akauliza: ni sehemu gani ya nyota za kundi hili bado ina sahani? Nikajibu kwa kujiamini, karibu zote. Akauliza tena, taratibu: "Na zilizokwisha kupoteza sahani umeziweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechagua nyota kwa sababu zina sahani, halafu nikatangaza kama ugunduzi kwamba zina sahani. Nikasikia mtu akicheka kabla hajazima maikrofoni yake. Miaka imepita, na kicheko kile ningekitambua hata leo nikikisikia sokoni.

Wiki mbili sikuigusa laptopu. Niliporudi, nilirudi na Chandra.

Hapa nataka unisikilize vizuri, mdogo wangu, maana ndipo uzito wote ulipo. Nyota changa ina usumaku mkali, na gesi iliyo juu yake hupata joto la mamilioni ya nyuzi. Hutoa eksirei mara mia mpaka maelfu kuliko Jua letu la leo, na huendelea kufanya hivyo hata sahani ikishaisha. Nyota nzee ya njiani imetulia, eksirei zake ni hafifu mno. Kwa hiyo zilezile ambazo infraredi haiwezi kuzitofautisha na wapita njia, eksirei huzitaja moja moja. Januari 2003 Chandra iliikodolea macho nebula kubwa ya Jabari kwa karibu siku kumi kamili na kupata vyanzo zaidi ya 1,600, vingi vyake nyota changa. Figa moja haliinjiki chungu, wazee walisema, na kazi hii ina mafiga yake matatu: 2MASS, Spitzer na Chandra.

Kuoanisha orodha, yaani kumtafutia kila chanzo cha Chandra mwenzi wake wa infraredi, kulinitesa. Katikati ya picha Chandra huona kwa ukali wa nusu sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii moja), lakini pembeni nyota huvurugika na kutanuka. Mimi nilikuwa nimeweka kikomo kimoja cha umbali kati ya wenzi, sekunde moja ya tao, kwa picha nzima, kwa hiyo za pembeni zote zilikosa wenzi. Nilipokipanua kadiri ya umbali kutoka katikati, zikaanza kurudi.

Mojawapo siisahau. Ilikuwa ukingoni kabisa, fotoni (chembe za mwanga) 11 tu tangu darubini ilipofumbua jicho mpaka ilipofumba. Chandra huandika kila fotoni ilifika saa ngapi na ina nishati kiasi gani. Nikazipanga kwa muda: saba kati ya zile 11 zilikuja kwa mkupuo mmoja, kama mlipuko wa usumaku juu ya nyota. Je, si galaksi ya mbali yenye shimo jeusi? Galaksi ingelazimika kupenya wingu zima, na wingu hunyonya eksirei laini, zile za nishati ndogo, lakini zangu nyingi zilikuwa laini. Nikaenda kutafuta mwenzi wake wa infraredi. Nikamkuta kwenye faili la nilizozifuta, mstari wa 214, hana wekundu wowote. Nyota changa iliyomaliza sahani yake. Nililia pale mezani.

Usifute nyota. Tia alama, weka safu ya shaka, lakini usifute. Usiniambie jedwali litakuwa refu, liache liwe refu. Wala eksirei isikupumbaze: nyota ndogo sana huikwepa Chandra, na hizo utazipata kwa sahani zake. Kwa hiyo, narudia, usifute.

Mtafiti wa nyota Konstantin Getman na wenzake walichanganya eksirei, zinazodokeza uzito wa nyota, na mng'ao wake wa infraredi, wakakadiria umri wa nyota za Mwali. Walichapisha mwaka 2014: za katikati zina takribani miaka 200,000, za pembeni kama milioni 1.5. Wengi tungetegemea katikati, kwenye gesi nzito, ndiko nyota zianzie. Utafiti kama huo hausimami ukiwa umefuta wazee wa pembeni, na mimi niliwafuta bila kupepesa macho. Tunapenda kinachong'aa, vijana wenzangu. Tunataka tokeo kabla ya orodha, na tokeo lililokaa juu ya orodha mbovu litakuaibisha mbele za watu.

Makala yangu imekubaliwa na jarida mwezi huu. Nyota ya mstari wa 214 imo.

Sasa wewe wa Mbeya. Pakua TOPCAT, programu ya kuoanisha majedwali, ni bure na haihitaji kompyuta kubwa. Chukua kwanza orodha ya 2MASS ya eneo dogo, halafu Spitzer, mwisho Chandra. Ukishazioanisha nitumie jedwali lote, pamoja na safu ya ulizozitilia shaka. Nitalifungua usiku uleule.