Kuomba huku una mashaka

Ndugu, unasema tangu umzike mama huwezi kuomba, na kuimba kwaya unaona ni unafiki. Si unafiki. Tomaso, mwanafunzi wa Yesu, alikataa kusadiki kwamba Yesu amefufuka, lakini siku 8 baadaye alikuwa ndani na wenzake (Yohana 20:26), kwa hiyo jumuiya usiiache. Swali lako liandike kwenye daftari kama lilivyo. "Mbona Mungu hakumponya mama?" ni kilio zaidi ya hoja, kwa hiyo vitabu vya kutetea imani viweke kando kwanza. Soma Zaburi ya 88, inayoishia gizani. Sala ifupishe: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24). Inatosha. Mchungaji akikukemea, tafuta mzee wa kanisa msikivu. Ukikosa usingizi wiki 2, muone daktari. Ukitamani kufa, nenda hospitali leo hii ukisindikizwa, usingoje mkesha wa maombi.