Sheri Haihukumiwi kwa Glasi Moja

Chupa yangu ya kwanza ya sheri, divai ya Hispania iliyoongezwa pombe, niliinunua Uingereza, nikanywa glasi mbili, kisha nikairudisha kabatini, ikakaa humo zaidi ya mwezi. Ilikuwa fino, aina ya sheri nyepesi isiyo na utamu. Nilipoirudia ilikuwa imepoa ladha na kunuka kama tufaha lililokatwa likasahauliwa mezani, nami nikaamua kwamba hicho ni kinywaji cha wazee wasio na haraka. Kosa lilikuwa langu, kwani fino ikishafunguliwa hukaa kwenye friji na humalizwa ndani ya wiki moja hivi.

Aliyenirekebisha ni mhudumu wa baa mjini Jerez de la Frontera, kusini mwa Hispania, mji ambao Waarabu waliuita Sherish na ndio uliozaa jina la sheri. Katika baa hiyo ya kienyeji, ambayo wenyewe huiita tabanco, aliniwekea glasi tatu ndogo kwa pamoja, akaandika deni langu kwa chaki juu ya kaunta ya mbao, akanitaka nisimalize hata moja kabla ya kuonja zote. Tangu siku hiyo simshauri mtu aanze kwa njia nyingine.

Glasi ya kwanza ilikuwa fino, ya rangi ya majani makavu, isiyo na utamu hata chembe, yenye harufu ya unga wa mkate ulioumuka na lozi mbichi. Harufu hiyo huletwa na utando mweupe wa hamira unaoota juu ya divai ndani ya pipa, ambalo kwa makusudi halijazwi hadi juu. Wahispania huuita flor, yaani ua. Utando huo huikinga divai na hewa, lakini huishi tu pombe ikiwa karibu asilimia 15. Glasi ya tatu, oloroso, ilikuwa imeongezwa pombe hadi asilimia 17 au zaidi, kiwango ambacho utando hauwezi kuota, hivyo hewa ikaigeuza divai kuwa ya hudhurungi, nzito, yenye harufu ya njugu zilizokaangwa. Ya katikati, amontillado, ilianza maisha yake chini ya utando na kuyamalizia hewani, na ukiionja baada ya zile mbili unazitambua zote ndani yake. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba zote tatu zilitokana na zabibu za aina moja, palomino.

Hapo ndipo wengi hukosea, hasa sisi tuliozoea kudhani kwamba divai yenye rangi nzito lazima iwe tamu. Oloroso halisi haina utamu, hata kama pua inakuahidi vingine. Ukitaka sheri tamu, tafuta Pedro Ximénez, inayotengenezwa kwa zabibu zilizoanikwa juani na yenye sukari isiyopungua gramu 212 kwa lita, nzito kama shira ya kaimati. Mimi huimwagia juu ya aiskrimu, maana kuinywa glasi nzima hunishinda. Ile iitwayo cream, ambayo Waingereza wengi huifahamu, kwa kawaida ni oloroso iliyochanganywa na divai tamu.

Ukishazizoea hizo, jipime kwa fino na manzanilla, ndugu yake inayokomaa pia chini ya utando. Manzanilla hukomazwa Sanlúcar de Barrameda pekee, mahali mto Guadalquivir unapoingia baharini, ambako unyevunyevu huufanya utando uwe mnene. Mimi husikia chumvi kidogo mwishoni mwa manzanilla, ingawa nimewahi kuzifunika lebo nikakosea mara mbili mfululizo.

Usiisumbue akili kutafuta mwaka wa mavuno kwenye lebo, kwa sababu sheri nyingi hukomazwa kwa kuchanganya: sehemu ya divai huchotwa kwenye mapipa ya divai kongwe kabisa, nayo hujazwa kutoka mapipa ya umri mdogo zaidi, ngazi baada ya ngazi.

Fino na manzanilla zinywe zikiwa baridi sana, pamoja na zeituni, lozi zenye chumvi au samaki wa kukaanga. Oloroso isiwe baridi kiasi hicho, na huenda vizuri na mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe. Ukiishi peke yako, nunua fino ya nusu chupa, lakini oloroso chukua chupa nzima bila wasiwasi, kwa sababu ikifunguliwa huweza kukaa wiki kadhaa bila kuharibika.