Sufuria ya umeme ya kupika polepole: inategemea unapika nini

Umeuliza kama sufuria hii inafaa kununuliwa kwa familia ya watu watano. Kama mnakula sana makongoro, supu ya mifupa au nyama ngumu, ndiyo, chukua ya lita 5 au 6. Kama shida yako ni maharage na makande, hela hiyo weka kwenye presha kuka ya umeme.

Maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na huharibika kwa mchemko wa kweli tu. Kwenye moto mdogo sufuria hii huenda isifike nyuzi 100, ndiyo maana watu huishia kutapika. Ukiamua kuitumia hata hivyo, loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha jikoni dakika 10 yakitokota hasa, ndipo uhamishie. Nyanya na ndimu tia mwishoni. Uchachu huyafanya maharage yagome kuiva.

Umeme si tatizo: wati 200 hadi 300 kwa saa 8 ni uniti 1.6 hadi 2.4. Nyama tia maji kidogo kuliko ulivyozoea kwenye mkaa, maana hayakauki, na usifunue funue kifuniko. Nyama iliyoganda iyeyushwe kwanza.

Umeme ukikatika ukiwa kazini na hujui ulikatika saa ngapi, mwaga chakula, hata kikinukia vizuri. Mtaa wenye mgao wa mara kwa mara, kwa kweli, singeshauri kuinunua.