Usitazame rangi ya konde, tazama jani la nne

Bwana shamba au bibi shamba mgeni husimama ukingoni mwa bonde la mpunga la Cheju, Unguja, akaona kijani, akaandika "mpunga mzuri". Kwa mbali kila mpunga ni mzuri. Ingia ndani, shika shina moja, uhesabu majani kuanzia juu. La kwanza ni lile lililokwisha kufunguka. Lililojikunja bado kama sigara halimo.

Majani ya juu ndiyo yanayopata jua, kwa hiyo mmea huweka huko naitrojini nyingi zaidi na ya kivulini huyapunja. Una haki: naitrojini hiyo ndiyo inayojenga rubisko, protini inayonasa hewa ya ukaa, na rubisko iliyo gizani haina kazi ya kufanya. Ndiyo maana jani la chini kabisa kuwa njano, mpunga ukishafunga na kuziba ardhi, si sababu ya kukimbilia yurea, mbolea ya naitrojini.

Linganisha la tatu na la nne. Yakiwa rangi moja, mmea umeshiba. La nne likipauka waziwazi, chakula kimeanza kunyonywa kupelekwa juu, wakati jani la kwanza bado linakudanganya kwa ukijani wake. Pima mashina 10, si ya ukingoni wala ya chini ya mnazi, ukilipa jua mgongo ili kivuli chako kifunike jani. Manjano yakianzia jani changa, hilo ni jambo jingine: shuku salfa au chuma, hasa kwenye ardhi ya mawe ya chokaa. Yurea haitibu hayo.

Dozi ya yurea yenye faida ni ya pale suke linapoanza. Pasua shina kwa urefu karibu na kitako. Ukiona kijichembe cheupe chenye manyoya, milimita 1 au 2, wakati umefika. Kilo 30 za naitrojini kwa hekta ni kilo 65 za yurea, yaani kilo 6.5 kwa mita za mraba 1,000. Punguza maji yabaki matope kwanza. Ukirusha juu ya maji yaliyotuama juani, sehemu kubwa hugeuka amonia ikaruka. Asubuhi yenye umande pia usirushe, chembe hunata na kuunguza majani. Na ukizidisha, mpunga hulala, na ugonjwa wa ukungu uitwao blasti hupata pa kuingilia.

Baada ya kuchanua, majani huanza kutoa naitrojini yao kuipeleka kwenye punje. Njano ya wakati huo iacheni.