Mkuu wangu anataka nisaini saruji ambayo haikufika

*Shangazi, mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni ya ujenzi, Dodoma. Lori lilileta mifuko 540 ya saruji, delivari (hati ya mzigo) ikasoma 600. Mkuu wangu akasema nisaini, iliyobaki inakuja kesho. Nilisaini, haikuja. Safari ya pili nimekataa. Sasa naitwa mlokole, na nimeambiwa mkataba wangu hautahuishwa. Kanisani wananiambia nifunge na kuomba, nitashinda. Nifanye nini ili nisimwaibishe Kristo?*
*— Mtunza Stoo*

Pole, mwanangu. Kuna neno umelipita mbio: "nilisaini". Naanzia hapo, maana Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anatenganisha mateso. Anayeteswa kwa kuwa Mkristo asione haya, lakini mtu asiteswe kama mwivi. Mifuko 60 ya kilo 50 ni tani tatu. Wakaguzi wakikuta haipo na saini ni yako, uko kundi la pili, hata kama hukupewa shilingi.

Kwa hiyo funga na uombe, lakini andika pia. Dokezo la nusu ukurasa, liende kwa meneja aliye juu ya mkuu wako: tarehe, namba ya delivari, namba ya gari, ulichohesabu, ulichosaini, maneno uliyoambiwa na nani alikuwepo. Kiri kwamba ulikosea kusaini. Usimwite mtu mwizi, hujui mifuko iliishia wapi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Huenda ukapewa barua ya onyo. Ipokee.

Lori lijalo, hesabu mifuko inaposhushwa, kwa mafungu ya kumi kumi. Ukisubiri rundo lipangwe, mifuko ya katikati haionekani, na hapo ndipo ubishi unapozaliwa. Juu ya saini yako, kwenye delivari yenyewe, andika ulichohesabu, kwa mfano: "Nimepokea 540 (mia tano na arobaini), pungufu 60", tarehe na saa. Dereva naye asaini hapo hapo, kabla hajawasha gari. Akishaondoka unabaki na neno lako tu. Kadi ya stoo ijazwe siku hiyo hiyo, isome idadi hiyo hiyo.

Na mkuu wako usimpe "hapana" kavu. Danieli alipokataa chakula cha mfalme hakununa, aliomba ajaribiwe siku kumi. Mwambie: "Mkuu, 540 nasaini sasa hivi. Zile 60 zikifika, hata saa mbili usiku nitakuja kuzisaini." Akikasirika na hilo, atakuwa amejieleza mwenyewe.

Jina la mlokole liache lipite. Ila jichunguze: unachelewa kufungua stoo kwa sababu ya maombi ya asubuhi? Fundi anangoja misumari huku wewe unamalizia sura? Yeye haoni imani hapo, anaona kazi imesimama. Wakikuuliza kwa nini husaini, jibu sentensi mbili, kwa upole. Mahubiri yasubiri Jumapili.

Jambo hili usilipeleke kwenye kundi la maombi la WhatsApp. Ombi la "dada anayelazimishwa kusaini saruji" litafika ofisini kabla ya jioni. Mchungaji na mtu mmoja mwenye kifua wanatosha. Nyaraka za kampuni nazo usizihamishie nyumbani. Andika matukio kwenye daftari lako, kila moja na tarehe yake.

Ikija bahasha, au dokezo likizimwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, bila malipo. Ukiachishwa, au mkataba usipohuishwa baada ya kupewa matumaini kwamba utahuishwa, malalamiko yafike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki hapo, wakisubiri bosi apoe. Mkopo mpya wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, usichukue kwa sasa. Mwenye marejesho kila Ijumaa ni rahisi kumpinda.

Waliokuambia utashinda hawajui. Vijana watatu wa tanuru walisema Mungu aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo". Mkataba unaweza kuisha kweli, jambo hilo mzungumze na mumeo au ndugu zako wiki hii.

Dokezo liandike leo jioni. Lilaze. Asubuhi futa maneno ya hasira, ndipo ulipeleke.

— Shangazi