Adrian Smith na ndondo zake: maswali yenu

Wiki mbili zilizopita niligusia kwa mistari mitatu tu kazi ya pembeni ya Adrian Smith, mpiga gitaa wa bendi ya Kiingereza Iron Maiden, na mwenzake Richie Kotzen, nikidhani wapenzi wa roki nzito wanaosoma safu hii tungetosha kwenye Noah moja na nafasi ikabaki. Kumbe sivyo. Maswali yamekuja, mengine ya ukali. Nimechagua haya.

Kaka, kijana wangu alipiga wimbo “Taking My Chances” kwenye simu akaniambia huyo ni mpiga gitaa wa Iron Maiden. Mbona si Maiden ninayoijua? Ameacha bendi? — Msomaji, Morogoro

Hajaacha. Adrian Smith, mzaliwa wa Hackney, London, mwaka 1957, bado ni mmoja wa wapiga gitaa watatu wa Iron Maiden. Smith/Kotzen ni kazi yake ya pembeni na Mmarekani Richie Kotzen, aliyewahi kupitia Poison na Mr. Big. Albamu yao ya kwanza waliirekodi visiwa vya Turks and Caicos, kule Karibi, mwanzoni mwa 2020 kabla korona haijafungia watu ndani, ikatoka Machi 2021. Septemba mwaka huohuo Maiden nao wakatoa Senjutsu. Albamu mbili ndani ya mwaka mmoja, na mzee ana miaka 64.

Kilichokuchanganya nadhani ni sauti. Ndani ya Maiden, Smith anaitikia tu. Mwenye kipaza sauti ni Bruce Dickinson. Huku anaimba mstari, Kotzen anaimba unaofuata, wanapokezana. Yule anayepanda juu kama mwimbaji wa soul ni Kotzen. Smith ni yule mwingine, mwenye sauti kavu ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mpe kijana wako soda, hakukudanganya.

Mwandishi unasifia mambo ya ajabu. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mtu ana bendi kubwa dunia nzima, anahangaika na nini pembeni? Huko si kuwadharau wenzake? — Msomaji, Tanga

Ndugu yangu, hili limenigusa kidonda. Zamani nilipiga gitaa la rhythm kwenye bendi moja ya hotelini. Jumamosi moja nikaenda kupiga ndondo harusini na vijana wengine. Kwa wasomaji wasiokaa Dar: ndondo ni zile mechi za mtaani ambazo mchezaji wa ligi anacheza kwa siri, klabu isijue. Basi nipo jukwaani, nimefumba macho, nafumbua hivi, kiongozi wetu wa bendi kakaa meza ya tatu na kijiko cha pilau hewani, ananitazama. Alikuwa upande wa bwana harusi. Posho yangu ya wiki mbili ikaishia pale.

Kwa hiyo naujua uchungu wa pande zote mbili. Lakini mtazame Smith kwa mpangilio wa miaka, utaona methali yako imepata nusu tu.

Mwaka 1985 Maiden walimaliza ziara ya karibu mwaka mzima, maonyesho zaidi ya 180. Wakapewa mapumziko. Badala ya kulala, Smith na mpiga dramu Nicko McBrain wakakusanya marafiki, wakajiita The Entire Population of Hackney, yaani wakazi wote wa Hackney, wakapiga ukumbi wa Marquee, London, mwezi Desemba. Wenzao wa Maiden hawakununa. Walipanda jukwaani mwishoni wakapiga nao. Tena baadhi ya nyimbo za usiku ule zikarudi nyumbani: “Reach Out” ilikaa upande wa pili wa santuri ya “Wasted Years” mwaka 1986, Smith akiimba na Dickinson akimwitikia. Hapo mbili zilishikwa na hakuna iliyoponyoka.

Mwaka 1989 ndiyo methali yako ilipofanya kazi. Bendi ikapumzika tena, Smith akatoa Silver and Gold chini ya jina A.S.A.P., herufi za Adrian Smith and Project. Kwenye dramu alikaa Zak Starkey, mtoto wa Ringo Starr wa Beatles. Muziki laini zaidi, vinanda vingi, wa kupigwa redioni. Haikuuza. Waliporudi kutengeneza albamu ya 1990, Maiden walitaka sauti mbichi, isiyopakwa rangi. Smith alitaka waendelee na njia ya albamu mbili zilizotangulia. Moyo ukawa haupo, akaondoka.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nafasi yake alichukua Janick Gers. Walimtoa wapi? Kwenye ndondo ya Dickinson! Mwaka 1989 Dickinson alirekodi na Gers wimbo wa filamu ya kutisha, “Bring Your Daughter... to the Slaughter”, halafu albamu nzima ya kwake. Steve Harris, mpiga besi na mwenye bendi, aliusikia ule wimbo akauomba uwe wa Maiden. Januari 1991 ukashika namba moja Uingereza, mara pekee Maiden kufika pale kwa singo. Kazi ya pembeni ya mtu mmoja ikaipa bendi wimbo na mpiga gitaa kwa mpigo.

Smith mwenyewe alirudi 1999, akitokea kwenye bendi ya Dickinson, ambaye naye alikuwa ameshatoka Maiden. Walifika wawili. Gers hakufukuzwa, na ndiyo maana leo magitaa ni matatu.

Kwa hiyo 1990, kwa maoni yangu, albamu ya pembeni ilimwonyesha tu Smith kwamba alikuwa ameshaondoka moyoni. Bila ile A.S.A.P. angekaa miaka mitatu akipiga kwa kununa, na mpiga gitaa aliyenuna anasikika hata kwa redio mbovu.

Mbona kwa Wenge Musica solo ya mtu mmoja ilivunja bendi? — Msomaji, Lubumbashi

Swali zuri, papa. JB Mpiana alitoa Feux de l'amour mwaka 1997, na kabla mwaka haujaisha Wenge ikapasuka: yeye akabaki na BCBG, Werrason na wenzake wakaanzisha Maison Mère. Ugomvi ulikuwa na mizizi zaidi ya albamu moja, hilo unalijua kuliko mimi. Ila tofauti naiona hapa: ile ya JB ilikuwa muziki uleule, kwa mashabiki walewale, mji uleule. Ikishamiri, swali la nani mkubwa linaulizwa kila baa ya Kinshasa. Smith anapokwenda kupiga blues na Kotzen, hakuna anayejiuliza kama amempita Harris. Ameingia uwanja mwingine kabisa.

Nafundisha gitaa vijana wa kwaya. Upigaji wake huko nje unatofautianaje na wa Maiden? — Msomaji, Nairobi

Mwalimu, kwa kuwa una kwaya, hili utalielewa haraka. Maiden msingi wake ni besi ya Harris inayokimbia kama farasi, pigo moja refu na mawili mafupi, tii-tiki, tii-tiki. Juu yake magitaa mawili yanaimba melodi ileile kwa sauti ya kwanza na ya pili, kama soprano na alto. Ni kazi ya nidhamu. Ukichomoka, melodi inachacha. Na tangu magitaa yawe matatu, kila mmoja anapewa kipande chake cha solo anakipiga, anampisha mwenzake.

Ndani ya mipaka hiyo Smith ana alama yake: solo zake unaweza kuzipiga mluzi. Zina mwanzo, zina mahali zinapoelekea. Chukua ule utangulizi wa “Wasted Years”, wimbo alioutunga peke yake: waya ulio wazi unalia kati ya noti na noti, kidole kinaruka, waya haunyamazi. Wape vijana wako wapige polepole, utaona vidole vinavyogombana.

Kwa Kotzen farasi hayupo. Ni blues: noti tano, kuvuta waya mpaka ulie, kisha kukaa kimya kidogo. Kotzen ameacha kutumia kile kijiplastiki cha kuchapia nyuzi, anapiga kwa vidole vitupu, kwa hiyo noti zake zinatoka zikiwa na nyama. Smith bado anachapa, noti zake zina kingo. Msikilize akijibiwa, baada ya nyimbo mbili utawatambua bila kuangalia video. Na kwa sababu anaimba pia, gitaa lake linajibu maneno yake mwenyewe, jambo ambalo Maiden haliwezekani.

Dramu anapiga nani? — Msomaji, Mwanza

Albamu ya kwanza ina nyimbo tisa: tano kapiga Kotzen mwenyewe, tatu Tal Bergman, na “Solar Fire” ni Nicko McBrain, yuleyule wa Marquee 1985. Besi Smith na Kotzen waligawana.

Kweli huyu jamaa ni mvuvi? — Msomaji, Ukerewe

Ni kweli, ila wa ndoano na si wa nyavu kama ninyi. Ziarani anatafuta mto kwanza, na mwaka 2020 alitoa kitabu kizima kuhusu uvuvi. Samaki wengi anawarudisha majini. Najua, najua. Usiwaambie wenzako wa mwaloni.

Huku kwetu wapo wanaofanya hivi? — Msomaji, Thika

Duma. Jina lisikuchanganye, si yule mnyama. Kwa Kikuyu ni giza. Martin Khanja na Sam Karugu walitokea bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, wakaenda Kampala kurekodi kitu kisichofanana na bendi zile hata kidogo: mashine, kelele, na sauti ya Khanja inayotoka tumboni. Lebo ya Nyege Nyege Tapes iliitoa mwaka 2020 na Ulaya wakashtuka. Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, ametoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024, The Adept. Kwao ndondo imekuwa ligi.

Nianze na ipi? Sina bando la kupoteza. — Msomaji, Dodoma

Anza na “Reach Out”, wimbo mmoja tu, umsikie Smith kijana akiwa mbele. Kisha “Scars” ya Smith/Kotzen, usiku, sauti iwe chini. Ukiipenda nenda moja kwa moja Black Light/White Noise, albamu yao ya Aprili 2025. Silver and Gold iache mpaka ofa ya wikendi.

Zipo pia mbili za Psycho Motel, bendi yake ya miaka ya 1990 alipokuwa nje ya Maiden. Ya pili, Welcome to the World, ninayo kwenye CD na siiazimishi. Ya kwanza niliiazimisha mwaka 2009, na mwenyewe akisoma hapa anajijua.