Ruzuku za kulinda mashamba: anzeni na hati ya ardhi, andiko lifuate

Mleta mada ameuliza mambo mawili kwa mkupuo: kikundi cha wakulima kinachotaka ruzuku ya kuhifadhi ardhi ya kilimo kianzie wapi, na kwa nini kuna maeneo yamepokea fedha za miradi miaka nenda miaka rudi na bado mashamba yanakatwa viwanja. Naanza na la pili, kwa sababu ndilo linaloamua la kwanza lijibiwe vipi.

Kumsaidia mkulima na kulinda ardhi ni kazi mbili tofauti. Ruzuku ya kilimo inalipia mabomba, ghala, mbegu, mafunzo. Ulinzi wa ardhi ni kifungo cha kisheria kinachoifuata ardhi hata mmiliki akibadilika. Mradi ukitoa msaada bila kifungo, thamani ya shamba inapanda, na siku warithi wanapompata mnunuzi wa viwanja, ghala na mabomba vinakwenda naye. Ukiweka kifungo bila msaada, ardhi inabaki bila nyumba lakini haina mlimaji, maana kulima hakulipi. Kwa hiyo kabla ya kugusa andiko la kuomba ruzuku, kaeni mjibu: tukipata fedha hizi, ni karatasi gani itakayozuia shamba hili lisigeuzwe viwanja miaka 30 ijayo, na nani ataisimamia?

Karatasi hiyo inategemea ardhi inamilikiwaje. Ambako mtu ana hatimiliki yake binafsi, njia iliyozoeleka ni mmiliki kuuza au kutoa haki ya uendelezaji: anabaki na shamba, analima, anauza, anarithisha, ila haki ya kujenga makazi au viwanda imeondolewa na inashikiliwa na taasisi au serikali ya eneo. Wilaya ya Suffolk, jimbo la New York, ndiyo iliyoanzisha utaratibu huu Marekani mwaka 1974. Ufaransa walipita njia nyingine. Mashirika ya SAFER, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1960, yana haki ya kununua ardhi ya kilimo kabla ya mnunuzi mwingine, kisha huiuza kwa mkulima. Terre de Liens, taasisi ya kiraia ya hukohuko iliyoanza 2003, hununua mashamba kwa fedha za wananchi na kuyakodisha kwa wakulima. Ambako ardhi ni ya kijiji, kama Tanzania chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kazi hiyo inafanywa na mpango wa matumizi ya ardhi ukishikiliwa na sheria ndogo. Mpango ambao sheria ndogo zake hazijapitishwa ni ramani ya kubandika ukutani, haumzuii mtu.

Sasa hesabu ya haki ya uendelezaji, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea. Mthamini hukadiria shamba mara mbili: kwanza likiwa huru, kisha likiwa na kifungo. Tuseme likiwa huru lina thamani ya 100, na likifungwa kwa kilimo tu lina 40. Kinachonunuliwa ni ile tofauti, yaani 60, wala si shamba zima. Katika mpango wa serikali kuu ya Marekani unaoitwa ACEP, upande wa mashamba, ruzuku haizidi asilimia 50 ya thamani ya kifungo, isipokuwa nyanda za malisho zenye umuhimu maalumu wa kimazingira, ambazo zinaweza kufika asilimia 75. Kwa mfano wetu, ruzuku ni 30. Thelathini nyingine zitoke kwa serikali ya eneo, kwa wachangiaji, au mmiliki mwenyewe akubali kulipwa pungufu na sehemu iliyobaki ihesabiwe mchango wake. Na mwombaji katika mpango huo si mkulima: ni taasisi itakayoshikilia kifungo. Mkulima asiye na taasisi ya kushirikiana nayo hana mlango wa kuingilia, hata shamba lake liwe na udongo bora kuliko yote.

Nje ya ile 60 kuna gharama ambazo bajeti nyingi husahau: mpima, mthamini, wakili, upekuzi wa hati, usajili, na ripoti ya hali ya awali. Ripoti hii ni picha zenye alama za mahali, ramani ya majengo, barabara, visima na mashamba siku ya kusaini, na pande zote mbili huisaini. Bila hiyo, miaka kumi baadaye hakuna atakayethibitisha kama banda lilikuwepo au limeongezwa. Halafu kuna mfuko wa usimamizi. Mtu lazima atembelee shamba walau mara moja kwa mwaka, na siku kifungo kikivunjwa lazima kuwe na fedha ya wakili. Ikiwa ukaguzi unagharimu 1 kwa mwaka na mnachota asilimia 4 ya mfuko kila mwaka, mnahitaji mfuko wa 25 kwa shamba hilo moja. Kwa maoni yangu, taasisi isiyokuwa na mfuko huo isipewe kifungo kushika, iwe na nia njema kiasi gani.

Mambo yanayokwamisha dakika za mwisho yanajulikana. Shamba lina rehani, na benki haijakubali kwa maandishi kwamba kifungo kitatangulia mkopo. Benki ikiuza shamba kufidia deni, kifungo kinaweza kufutika nalo. Hati ina jina la marehemu na mirathi haijafungwa. Wamiliki wako watano na mmoja hajasaini. Haki ya madini ni ya mtu mwingine. Mipaka iliyo kwenye hati haifanani na bikoni zilizo ardhini. Haya yote hugundulika kwa upekuzi wa hati, na upekuzi ufanywe kabla ya kumlipa mthamini.

Maneno ya kifungo yenyewe yaandikwe na mtu anayejua kilimo. Nimeona rasimu zinazopiga marufuku "majengo yote", na hapo mkulima hawezi kuweka banda la kukaushia mazao wala nyumba ya kitalu. Tengeni eneo maalumu la majengo, wekeni ukomo wa ardhi inayoweza kufunikwa na paa au sakafu (ACEP huanzia asilimia 2 ya eneo, na mwombaji anaweza kuomba iongezwe), na tajeni wazi kwamba mabanda ya kilimo, visima na umwagiliaji vinaruhusiwa. Kuna kipengele kingine ninachokitetea kwa nguvu: haki ya kununua kwa thamani ya kilimo. Majimbo ya Vermont na Massachusetts, Marekani, wanakitumia. Shamba likitaka kuuzwa kwa mtu asiye mkulima, taasisi ina haki ya kulinunua kwa bei ya kilimo na kulipitisha kwa mkulima. Bila kipengele hiki, shamba lililolindwa kwa fedha za umma linaishia kuwa bustani ya tajiri: halijengwi, na halilimwi.

Tuje kwenye ruzuku za mkulima mwenyewe. Swali la kwanza la kumuuliza mfadhili ni fedha inatoka lini. Nyingi ni za kurejeshewa: unatumia, unapeleka risiti, unalipwa baadaye. Kikundi kisicho na akiba kinashinda ruzuku na kushindwa kuitumia. Ulizeni kama kuna malipo ya awali. Mpango wa EQIP wa Marekani, unaolipia kazi za uhifadhi mashambani, kwa mfano, hutoa mapema walau nusu ya gharama kwa makundi kama wakulima wapya na wale wa kipato kidogo. Kama malipo ya awali hayapo, gaweni kazi katika vipande vidogo vinavyoweza kudaiwa kimoja kimoja, au pateni mkopo wa muda mfupi na barua ya ruzuku iwe kielelezo chenu. Riba ya mkopo huo mara nyingi hairuhusiwi kudaiwa, kwa hiyo iwe na chanzo chake.

Swali la pili: kazi inaruhusiwa kuanza lini. Kwa wafadhili wengi, gharama yoyote iliyotangulia tarehe ya mkataba haitambuliwi. Mtu anapokea simu ya pongezi, anakimbilia kuchimba kisima kabla mvua haijaanza, na kisima kizima kinabaki juu yake. Pongezi si mkataba. Subirini sahihi za pande zote.

La tatu ni mchango wenu. Ukiambiwa mfadhili atatoa asilimia 75, zile 25 si lazima ziwe taslimu. Nguvu kazi, saa za trekta na matumizi ya jengo vinaweza kukubaliwa. Lakini vinahitaji ushahidi wa siku ileile: jina, tarehe, kazi, saa, kiwango cha malipo cha eneo, sahihi ya aliyefanya na ya aliyesimamia. Karatasi za mahudhurio zilizojazwa zote siku moja mwishoni mwa mwaka, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mkaguzi anazitambua akizishika tu. Na mchango mmoja haulipii ruzuku mbili. Saa 200 mlizozihesabu kwa mfadhili huyu, kwa yule zimekwisha.

Angalieni pia hesabu inasomwaje. Mchango wa asilimia 25 ya mradi wote na mchango wa asilimia 25 ya ruzuku ni viwango tofauti. Ruzuku ikiwa 75, cha kwanza ni 25, cha pili ni 18.75.

Kuhusu andiko sina mengi. Chukueni jedwali la alama la mfadhili na mwandike kwa kulifuata, kipengele kwa kipengele, nafasi kubwa ipewe penye alama nyingi. Kila mstari wa bajeti uwe na idadi, kizio na bei ya kizio, pamoja na ankara kifani (bei ya muuzaji kwa maandishi kabla ya kununua). Jina la kikundi liwe lilelile kwenye usajili, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na fomu. Herufi moja ikitofautiana, malipo yanaweza kukwama. Barua za kuunga mkono zinazosema tu "tunaunga mkono mradi huu" hazina uzito. Barua nzuri inasema mshirika atatoa nini, kiasi gani, na lini.

Ushirikiano mbovu kati ya washirika ndio unaovunja miradi kuliko uhaba wa fedha. Hati ya makubaliano iandikwe kabla ya kuomba, ijibu haya: akaunti ni ya nani na wasaini ni wangapi, nani anaandika ripoti na analipwa na mstari upi, mshirika akijitoa katikati, wajibu wake unabebwa na nani, vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha. Hilo la mwisho lisiachwe. Trekta ya pamoja isiyo na mwenyewe hukodishwa kwa bei ya mafuta tu, na siku inapotaka vipuri hakuna fungu. Bei ya saa moja ijumuishe mafuta, dereva, matengenezo na akiba ya kununua nyingine. Wekeni daftari la saa ndani ya trekta, kwa sababu kubadilisha oili kunafuata saa za injini. Kwa trekta nyingi ni kila saa 250 hivi, lakini kitabu chake ndicho kiamuzi.

Ardhi hupotea kwa mmomonyoko pia, kwa hiyo ruzuku za makinga maji ni sehemu ya mada hii. Matuta ya fanya juu huchimbwa mtaro wa takriban sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo ukirushwa upande wa juu wa mteremko, kisha tuta linapandwa majani ya kulishikilia. Kinachoharibu ni kupima kwa macho. Kontua (mstari wa usawa unaokatiza mteremko) ikikosewa, maji yote hukimbilia sehemu moja ya chini, yanavunja tuta, na wimbi hilo linavunja la pili na la tatu. Tumieni fremu A (miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A) yenye timazi, au pima maji, anzeni kuchimba juu ya mteremko mkishuka, na mtengeneze njia salama ya maji ya ziada kabla ya tuta la kwanza. Wafadhili wengi hulipia kuchimba na hawalipii kuzibua. Ingizeni uzibuaji baada ya kila msimu wa mvua kwenye mchango wenu, kwa majina ya wahusika na tarehe.

Kuna wakulima wasiomiliki ardhi, na ruzuku nyingi huwapita kwa sababu hiyo. Makinga maji, miti na mbolea ya mboji vinalipa baada ya misimu kadhaa, kwa hiyo mkataba wa mwaka mmoja unamfundisha mpangaji kukamua udongo. Ombeni upangaji usiopungua muda wa masharti ya ruzuku, wenye kipengele cha fidia: mpangaji akitolewa mapema, analipwa thamani iliyobaki ya alichokiweka ardhini. Idhini ya mwenye ardhi iwe kwa maandishi na iambatishwe kwenye ombi.

Mwisho, soko. Mkataba na shule au hospitali ni ushirikiano mzuri kuliko semina kumi, ila uandikwe kwa kina: daraja la zao, kiasi kwa wiki, mzigo unapimwa kwa mizani ya nani na wapi, malipo baada ya siku ngapi, na mzigo ukikataliwa nani analipa usafiri wa kurudi. Wanunuzi wa taasisi huchelewa kulipa kuliko wa sokoni, kwa hiyo msiwapelekee mazao yote hadi mjue wanalipa kwa mzunguko gani.

Mleta mada, weka hapa aina ya umiliki wa ardhi yenu na jedwali la alama la mfuko mnaoulenga, tulipitie kipengele kwa kipengele. Kama kuna rehani au mirathi kwenye shamba lolote kati ya hayo, litaje mapema, maana hilo ndilo litakalochukua muda mrefu kuliko yote.